Jiji moja, kuhamahama, ufukwe au porini: safari ipi ya nje inamfaa kijana wako?

Kijana wa miaka 14 ukimuuliza anataka kwenda wapi likizo akakujibu "popote tu," usimwamini. Nchi kweli hajali. Lakini ana msimamo mkali kuhusu saa ya kuamka, nani atalala chumba kimoja na nani, mtandao utashika au hautashika, na kama atatembea siku kumi mfululizo nyuma ya wazazi kama kifaranga. Mimi na mwenzangu tuliwahi kubishana wiki mbili nzima, yeye Italia mimi Japani, kumbe jambo la kubishania lilikuwa jingine kabisa.

Kwa hiyo hapa silinganishi nchi. Nalinganisha namna nne za kusafiri: kukaa jiji moja, kuhama mji hadi mji, kutulia ufukweni, na kwenda porini au milimani. Kila moja naiuliza swali lile lile: mtoto wa miaka 13 hadi 17 ataweza kufanya nini huko bila mzazi? Mdogo wa miaka saba hufurahi popote mama alipo. Huyu mkubwa hufurahi pale anapoweza kukuacha saa mbili, akanunua kitu kwa pesa zake, akapotea kidogo, akarudi na habari usiyoijua.

Akitimiza 12, hesabu hubadilika

Kabla ya kuchagua, jua kwamba kwa wauza tiketi wengi utoto unaishia miaka 12. Mashirika mengi ya ndege humhesabu abiria kuwa mtoto hadi siku anapotimiza umri huo, na baada ya hapo analipa nauli ya mtu mzima. Pasi ya treni za Ulaya, yaani tiketi moja ya safari nyingi, Eurail (au Interrail kwa wakazi wa Ulaya), humchukua bure mtoto wa miaka 4 hadi 11 aliyefuatana na mtu mzima. Wa 12 hadi 27 yuko kundi la vijana: ana punguzo, lakini analipa. Pasi ya reli za Japani ni nusu bei kwa wa miaka 6 hadi 11, kisha bei kamili. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, nayo haina huruma. Kuanzia miaka 12 ada ni ya mtu mzima, na alama za vidole huchukuliwa, maana yake kijana lazima afike mwenyewe kuwasilisha maombi. Panga hilo kabla ya wiki ya mitihani.

Wapo wanaokwenda kinyume, na hao ndio wa kuwatafuta. Uswisi humruhusu mtoto wa chini ya miaka 16 kupanda treni, mabasi na boti bure kwa kadi ya familia, mradi mzazi aliye naye ana pasi ya Swiss Travel Pass. Makumbusho ya Louvre ya Paris hayamtozi kiingilio aliye chini ya miaka 18. Makumbusho ya serikali ya Italia hali kadhalika, na humo umo uwanja wa kale wa Colosseum wa Roma na jumba la michoro la Uffizi la Florence. London, makumbusho makubwa kama British Museum na Natural History Museum hayamtozi mtu yeyote kwa maonyesho yao ya kudumu.

Ukiyaweka hayo pamoja unaona mwelekeo: kijana ni ghali kumfikisha, ni nafuu kumtembeza. Kila safari ndefu ya ziada ndani ya likizo unailipia kama unamlipia mtu mzima mwingine, wakati kila siku ya ziada katika jiji lenye makumbusho ya bure haikugharimu sana. Familia ya watu wanne yenye watoto wawili wa miaka 13 na 16 ni familia ya watu wazima wanne mbele ya dirisha la tiketi.

Jiji moja na kuhamahama

Hizi mbili ndizo zinazogombaniwa nyumbani, kwa hiyo nitazikalia.

Faida ya jiji moja haionekani siku ya kwanza. Siku ya kwanza na ya pili nyote ni wageni, mnazubaa mbele ya ramani, na kijana anakasirishwa na kuzubaa kwenu. Siku ya tatu anajua njia ya kutoka kituoni hadi mlangoni. Ya nne anakusahihisha: "Huku siko, tunabadilishia kituo kile." Kuanzia hapo safari ni yake. Tulipokuwa Tokyo binti yangu, aliyekuwa na miaka 16, aliomba arudi peke yake Shibuya mchana. Nilikubali kwa moyo mzito. Alirudi saa tatu baadaye na mfuko mmoja mdogo, na mwendo wake ulikuwa umebadilika.

Tokyo inasaidia kwa sababu watoto wa shule za msingi hupanda treni peke yao, hivyo tineja peke yake hashangazi mtu. Tena kila kituo cha treni za chini ya ardhi kina herufi na namba: Shibuya kwenye njia ya Ginza ni G01, Ginza yenyewe ni G09, Asakusa ni G19. Asiyesoma neno la Kijapani anahesabu tu. London ina faida nyingine: mgeni wa miaka 11 hadi 15 anaweza kuwekewa punguzo la vijana kwenye kadi ya nauli ya Oyster, akapanda kwa nusu ya nauli kwa hadi siku 14. Waulize wafanyakazi wa kituoni. Punguzo haliingii lenyewe. Na kijana mwenye kadi yake mkononi hatembei kama mzigo wa mtu.

Kuhamahama kunatoa kitu ambacho jiji moja haliwezi: hisia kwamba dunia ni kubwa na inabadilika dirishani. Kupanda treni London na kushuka Paris muda wa saa mbili na dakika ishirini hivi baadaye, sehemu ya njia ikiwa chini ya bahari katika handaki la kilomita 50 lililofunguliwa mwaka 1994, ni somo la jiografia lisilohitaji mwalimu. Kulala kwenye treni ya usiku na kuamkia nchi nyingine ni jambo ambalo hata kijana anayenunia kila kitu atalisimulia shuleni.

Lakini angalia kinacholiwa. Kila mkihama, mnapoteza karibu nusu siku: kufunga mabegi, kwenda stesheni, kusubiri chumba cha mji mwingine kiwe tayari. Ile siku ya tatu niliyoisifia haifiki kamwe, maana siku ya tatu mko njiani. Matokeo yake kijana anabaki mgeni kila mahali na hawezi kuachwa peke yake popote. Ukilipima kwa swali letu, ukiacha porini, kuhamahama ndiko kunakomfunga kijana kwa mzazi kuliko namna nyingine za kwenye orodha, na wengi hawalitarajii hilo kwa sababu kwenye karatasi ndiko kunakoonekana kuwa na uhuru mwingi.

Halafu kuna usingizi. Katika umri huu mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouandaa usiku, kwa hiyo kijana hasikii usingizi mapema hata akilazimishwa, na asubuhi bado yuko katikati ya usiku wake. Madaktari wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Uvivu haumo hapo. Sasa weka juu yake hoteli inayotaka chumba kikabidhiwe saa nne au saa tano asubuhi, mara nne ndani ya siku kumi. Ugomvi mwingi wa safari za familia unaanzia kwenye mlango wa chumba, asubuhi, begi moja halijafungwa.

Jiji moja linasamehe. Mzazi anayependa asubuhi anatoka kunywa kitu na kutembea, vijana wanalala hadi saa sita, mnakutana mchana. Na zipo sehemu zinazokubaliana na ratiba hiyo. Louvre hufunga saa tatu usiku siku za Jumatano na Ijumaa (Jumanne haifunguki kabisa, usije ukaenda bure). British Museum huchelewa kufunga Ijumaa, hadi saa mbili na nusu usiku. Jioni umati hupungua, na kijana aliyelala vizuri anaweza hata kuuliza swali kuhusu mchoro.

Hapa niseme neno kuhusu mwelekeo wa ndege, kwa sababu unahusu usingizi huo huo. Kuruka kuelekea mashariki husumbua zaidi kuliko magharibi, kwani mwili huona rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Kijana, ambaye tayari saa yake iko nyuma, akipelekwa mashariki kwa saa saba au nane ataamka mchana kwa siku kadhaa. Ukiwa na wiki moja tu na unaenda mashariki ya mbali, usihamehame. Kaa.

Kama mmeamua kuhama hata hivyo, usiku tatu kila mahali ndio uchache wake, na miji isizidi mitatu kwa siku kumi. Njia nafuu zaidi ya kupata ladha zote mbili ni jozi ya miji iliyounganishwa na treni moja ya haraka: London na Paris, Roma na Florence, Tokyo na Kyoto ambazo ziko saa mbili na robo kutoka moja hadi nyingine kwa Shinkansen iliyo ya kasi zaidi. Kwa jozi kama ya Japani usikimbilie pasi. Bei yake ilipandishwa sana Oktoba 2023, na kwa kwenda na kurudi tu tiketi za kawaida huwa nafuu. Ulaya nako pasi si mwisho wa malipo. Treni za haraka za Ufaransa, Italia na Hispania zinadai uweke nafasi ya kiti na kuilipia juu ya pasi. Ujerumani, Austria na Uswisi mara nyingi unapanda tu na kukaa, na ndiyo maana kwa familia inayopenda kuamua mambo asubuhi ile ile ningeelekeza pasi huko.

Na gari la kukodi? Linamfanya kijana awe abiria wa kiti cha nyuma mwenye vipokea sauti masikioni, na huo ndio ukweli wa siku ya kwanza. Ila nina ushahidi wa upande wa pili. Mwanangu wa miaka 13 alinieleza mambo mengi zaidi katika saa tatu za barabara kuliko mwaka mzima wa mezani. Nadhani ni kwa sababu ndani ya gari hakuna anayemwangalia mwenzake usoni. Iceland, yenye barabara inayoizunguka nchi kwa zaidi ya kilomita 1,300, imeumbwa kwa mazungumzo ya aina hiyo.

Ufukweni na porini

Hoteli ya ufukweni yenye kila kitu ndani ya bei, kama zilivyojaa pwani ya Antalya nchini Uturuki, Bahari ya Shamu nchini Misri au Cancún nchini Meksiko, inashinda zote kwenye swali la uhuru kwa siku tatu za mwanzo. Kijana anavaa bangili yake ya hoteli, anakula anapotaka, anarudi chumbani usiku mwenyewe. Wewe unajua matumizi yako kabla hujatoka nyumbani. Hakuna anayebishana kuhusu chakula cha mchana.

Siku ya nne ndipo mambo huanza kupwaya. Bwawa ni lile lile, muziki ni ule ule. Klabu za watoto za hoteli nyingi zinaishia miaka 12, na kinachoitwa klabu ya vijana mara nyingine ni chumba chenye meza ya mpira na kijana mmoja wa kazi anayepiga miayo. Usiulize hoteli kama wana klabu ya vijana. Uliza inafanya nini saa mbili usiku, na wiki unayokwenda ni likizo ya shule za nchi gani. Hoteli iliyojaa wenzao wa umri ule haihitaji klabu. Isiyo na wenzao haisaidiwi na klabu yoyote.

Dawa ninayoiamini ni kuwapa kazi ya baharini. Kozi ya kwanza ya kupiga mbizi ya shirika la mafunzo la PADI, Open Water, inaanzia miaka 10. Wa 12 hadi 14 huenda hadi mita 18 akiwa na mtu mzima mwenye cheti, na kuanzia 15 cheti ni kamili. Kozi huchukua siku tatu au nne na ina mbizi nne za baharini, kwa hiyo inakula ile nusu ya pili ya wiki ambayo ingekuwa ya manung'uniko. Bahari ya Shamu inafaa sana kwa hilo. Kijana anarudi na kadi yenye picha yake, inayotambulika sehemu nyingi duniani, na mzazi ambaye hakuchukua kozi anabaki ufukweni akisubiri kusimuliwa. Ubadilishanaji huo wa nafasi una thamani yake.

Porini ni kinyume chake. Huko kijana hawezi kwenda popote peke yake, na kwa swali letu ningepaswa kuipa alama ya chini. Sipati moyo wa kufanya hivyo. Kijana asiyemsikia baba akisema "funga kamba za viatu" humsikia kiongozi wa msafara akisema maneno hayo hayo, mara moja, bila kurudiwa. Mamlaka inahamia kwa mtu mwingine na ninyi wote mnakuwa wanafunzi. Mzazi akiteleza kwenye tope, wote wanacheka, na hakuna hadhi inayopotea.

Tatizo la porini ni umri, na linakera kwa sababu hugunduliwa mwisho. Kuwatembelea sokwe wa milimani (gorila) nchini Rwanda na Uganda kunaruhusiwa kuanzia miaka 15. Kundi haliwi zaidi ya watalii wanane, nanyi mnakaa na sokwe saa moja tu. Familia yenye wa miaka 16 na wa miaka 13 inagawanyika: mmoja anapanda, mwingine anabaki hotelini na mzazi mmoja. Huko Queenstown, New Zealand, kuruka kwa kamba ya mpira (bungee) kutoka daraja la Kawarau, mita 43, kulikoanza kibiashara mwaka 1988, kunaruhusiwa kuanzia miaka 10 na uzito wa kilo 35. Mruko mkubwa wa Nevis, mita 134, ni kuanzia miaka 13. Ndugu wawili waliopishana miaka minne wanaweza kujikuta pande mbili za mstari. Soma masharti ya umri kwanza, kisha nunua tiketi za ndege.

Costa Rica ndiyo ninayoipendekeza kwa wenye pengo la umri. Kupita juu ya vilele vya miti kwa waya huko Monteverde, maji moto karibu na volkano ya Arenal, kasa wa Tortuguero, kuteleza kwenye mawimbi pwani ya Pasifiki: kila mmoja anapata chake, na jioni mnaweza kuwa ufukweni. Ramani yake hudanganya, hata hivyo. Kilomita chache za milimani huweza kula nusu siku, hivyo sheria ya usiku tatu ninaileta tena hapa. Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka nchini Peru, ni ya wakubwa zaidi. Magofu yako mita 2,430, lakini wengi hutua kwanza Cusco iliyo kama mita 3,400, na kichwa kinachouma siku mbili za mwanzo hakimchagui kijana wala mzee. Njia ya Inka, ya kufika huko kwa miguu, inahitaji kibali, idadi ya watu kwa siku ina kikomo, na mwezi wa Februari hufungwa.

Meli ya kitalii nimeiacha pembeni kwa makusudi. Ni hoteli ya ufukweni inayoelea: uhuru ndani, wenzao wengi, wazazi wanapumua. Mnachokiona cha nchi ni saa chache za bandarini. Ukipanda, ziwekeni simu kwenye hali ya ndegeni siku ya kwanza, maana mtandao wa setilaiti wa melini hauna adabu kwenye bili.

Simu, chumba, na saa ya kurudi

Simu ya kijana ndiyo inayokuruhusu kumwachia. Bila data hakuna ramani, hakuna "niko hapa," na hakuna kwenda peke yake. Kwa hiyo laini ya nchi mnayokwenda, au laini ya eSIM (isiyo na kadi ya kuchomeka) iliyonunuliwa kabla, iwe ya kila mtu. Msitegemee kugawana mtandao kutoka simu ya baba, kwa sababu hapo wote mnafungwa kwenye mfuko wa baba. China inahitaji maandalizi ya peke yake: Google, WhatsApp na Instagram zimezuiwa kwenye mitandao ya huko, na malipo ya kila siku yanakwenda kwa programu za simu za Alipay na WeChat. Kijana aambiwe hilo nyumbani, asije kuligundua uwanja wa ndege.

Kuhusu chumba, nasema moja tu: kijana wa miaka 15 na wazazi wake wasilale chumba kimoja zaidi ya usiku mbili kama kuna namna. Hoteli nyingi za mijini huruhusu watatu kwa chumba, na wa miaka 12 huhesabiwa mtu mzima. Fleti huonekana jibu, tena yenye mashine ya kufulia, lakini miji inabana. New York tangu Septemba 2023 inatekeleza sheria inayozuia kupangisha nyumba nzima kwa chini ya siku 30, na Barcelona imetangaza kwamba leseni za fleti za watalii hazitahuishwa zikimalizika Novemba 2028. Vyumba viwili vyenye mlango wa kati ndilo ombi la kutuma hotelini mapema.

Saa ya kurudi usiipange kwa mazoea ya nyumbani pekee. Iceland ina sheria: wa miaka 13 hadi 16 hawatakiwi kuwa nje bila mtu mzima baada ya saa nne usiku, na kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti, jua linapochelewa kuzama, saa sita. Mikoa mingi ya Japani inawazuia wa chini ya miaka 18 kuwa nje usiku wa manane bila mlezi. Pombe nayo: Ujerumani wa miaka 16 anauziwa bia na divai kihalali, Marekani anasubiri 21. Unaweza kuwa na kanuni yako, na ni vyema uwe nayo. Lakini mkiwa Berlin kanuni hiyo inatoka kwako, haitoki kwa muuza duka, na mazungumzo hayo ni bora yafanyike kabla ya kufungua mlango wa jioni ya kwanza.

Mimi ningechaguaje

Wa kwanza ana 13 na hamjawahi kutoka nje pamoja: jiji moja, siku nane, na siku moja katikati ya kwenda mji wa jirani kwa treni na kurudi. Mpe aipange siku hiyo yeye, pamoja na kiasi cha pesa, na mkifika jukwaa siyo, nyamaza. Wote wana 16 na kuendelea, wanasoma ramani na hawachoki upesi: hameni, lakini kwa ile hesabu ya miji mitatu. Mwaka umekuwa wa mitihani na wazazi wamechoka kuliko watoto: ufukwe, pamoja na kozi ya mbizi, na ikiwezekana familia nyingine yenye watoto wa umri huo huo. Ndugu wasiopatana, waliokaribiana umri na wote wamevuka masharti: porini, maana ndani ya tope na baridi ugomvi wa nyumbani hupungua nguvu.

Mzazi anayesafiri peke yake na watoto, katika namna yoyote kati ya hizi, abebe barua ya idhini ya mzazi mwenzake na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Nchi kadhaa zinaweza kuvidai mpakani. Na pasipoti za watoto katika nchi nyingi ni za miaka mitano tu. Ile aliyoipata akiwa na miaka tisa huenda imekwisha bila mtu kuiangalia.

Wengi wanaoniuliza huishia kutaka mchanganyiko, jiji siku sita na bahari siku nne, na mchanganyiko huo ni mzuri. Tafuteni ndege inayotua mji mmoja na kuondokea mwingine ili msirudie njia. Jiji liwe kwanza ikiwa mnaelekea magharibi na vijana watakuwa macho, bahari iwe kwanza ikiwa ni mashariki na wanahitaji siku za kulala hovyo. Bahari ikiwa mwisho na kuna mbizi, hesabuni kurudi nyuma kutoka saa ya ndege: baada ya mbizi moja ni angalau saa 12 kabla ya kuruka, baada ya mbizi nyingi au za siku kadhaa ni saa 18. Siku ya mwisho, basi, hakuna anayeingia na mtungi majini, na hakuna wa kumwamsha mtu.